Arosto huijua saa ya magharibi

Mvutaji wa Unguja, Mombasa au Kariakoo anayefunga Ramadhani hukaa takriban saa 13 na nusu bila sigara, kila siku, kwa siku 29 au 30. Hapewi dawa, wala hakuna semina aliyohudhuria. Anakula daku, anavuta ya mwisho kabla ya adhana ya alfajiri, anatia nia, basi. Mchana kutwa anauza duka lake, anaendesha bodaboda yake, anabishana na wateja kama siku zote. Watu hawa hawa, siku ya kuvunja jungu, walikuwa hawamalizi kikombe cha kahawa bila kuwasha. Ukiwaomba wakae saa tatu tu wanakujibu kwamba kichwa kitapasuka. Lakini adhuhuri inapita, alasiri inapita, na vichwa vyao viko salama.

Kisha inaingia Mfunguo Mosi. Asubuhi ya Idi, kabla hata pilau halijapakuliwa, fegi iko mdomoni.

Jambo hili limenishughulisha muda mrefu, maana nami nilikuwa katika kundi hilo kabla sijaacha. Naona kampeni zetu za kupiga vita sigara zimelipita pembeni. Kampeni zinauza hamasa. Kila tarehe 31 Mei, Siku ya Kutovuta Tumbaku Duniani, tunaambiwa tuamue, tujipende, tufikirie watoto wetu. Mvutaji anayafikiria yote hayo. Anayafikiria huku akivuta. Hajakosa nia: wavutaji wengi ninaowafahamu wana nia ya kuacha kila Jumatatu.

Mtazame kwa makini huyo aliyefunga. Saa saba mchana yuko vizuri. Saa kumi na moja jioni anaanza kuwa mkali, anamfokea kijana wa dukani kwa kosa dogo. Ikikaribia saa kumi na mbili na nusu yuko barazani, sigara iko katikati ya vidole, kiberiti kiko mkono wa pili, sikio liko msikitini. Sasa fikiria: nikotini iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ilipofika adhuhuri sehemu kubwa ilikwisha kutoka. Kama arosto, neno tuliloazima kwa wala unga, ingekuwa ni kupungukiwa na nikotini peke yake, mtu huyu angeanza kutetemeka tangu mchana. Kumbe arosto yake inaangalia saa. Inapanda kadiri magharibi inavyosogea.

Hili limepimwa, ingawa si kwetu. Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake waliwafuatilia wahudumu wa ndege wavutaji, wakachapisha matokeo yao mwaka 2010. Wahudumu wale wale walipimwa kwenye safari fupi za Ulaya na kwenye safari ndefu za kuvuka bahari hadi Marekani. Ndani ya ndege hakuna kuvuta kwa yeyote. Ilionekana kwamba kiu ya sigara ilipanda ndege ilipokaribia kutua, iwe safari fupi au ndefu. Aliyekuwa anakaribia kutua baada ya saa chache alikuwa na kiu kali kuliko yeye mwenyewe, baada ya saa zile zile, akiwa bado katikati ya bahari. Kiu iliufuata mlango kuliko ilivyofuata njaa ya mwili. Pale mlango ulipofungwa kabisa, akili ilitulia ikashughulika na mambo mengine. Ulipoanza kufunguka, ikaamka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayetaka kuacha sigara asitafute hamasa zaidi. Afunge milango mingi kadiri awezavyo, tena aifunge siku ambayo bado hamasa anayo, maana haitakaa.

Ushahidi kwamba hamasa haitoshi uko wa kutosha, lakini napenda kumtaja Barack Obama, ambaye ukoo wa baba yake uko Kogelo, Siaya. Alipoingia kwenye mbio za urais mwaka 2007 alimwahidi mkewe kwamba ataacha. Hebu tuhesabu hamasa aliyokuwa nayo: ahadi kwa mke, mabinti wawili wadogo, kamera za dunia nzima, madaktari wa kumhudumia mchana na usiku. Juni 2009 alisaini sheria kali ya kudhibiti tumbaku nchini Marekani. Kesho yake waandishi wa habari wakamuuliza kuhusu yeye mwenyewe, akajibu kwamba amepona kwa asilimia 95, ila kuna nyakati huteleza. Ni Februari 2011 ndipo Michelle alipotangaza kwamba mumewe ana karibu mwaka mzima hajavuta. Ikiwa mtu mwenye Ikulu na bazoka za nikotini mfukoni alihitaji miaka, tusimcheke fundi gereji wa Buguruni aliyeshindwa kwa wiki mbili.

Fundi huyo ana mtihani ambao Obama hakuwa nao. Amesimama kituoni anangoja daladala. Anapita mmachinga, kiboksi kifuani, ndani kuna pakiti zilizofunguliwa zimepangwa pamoja na pipi, karanga na vocha, na kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi. Haiti mteja. Anatikisa sarafu kiganjani tu, chaka, chaka, chaka. Kila mvutaji wa Dar es Salaam anaujua mlio huo, na wengi wetu tulikuwa tunaingiza mkono mfukoni kabla hatujageuka kumtazama. Unampa mia mbili, anakuwashia mwenyewe kwa kiberiti chake, safari inaendelea. Shughuli yote haichukui nusu dakika. Hukununua pakiti, kwa hiyo moyoni hukurudi kwenye sigara. Umevuta moja tu.

Hiyo sigara ya rejareja, kwa maoni yangu, inawarudisha watu wengi kuliko mawazo, pombe na marafiki wabaya kwa pamoja. Pakiti nzima inamtaka mtu afanye uamuzi, na uamuzi unampa nafasi ya kujizuia. Sigara moja haina uamuzi: bei yake haifiki hata nauli ya daladala. Ndiyo maana pia hoja ya pesa, ambayo watu wema hupenda kuitumia, huwa haimwingii mvutaji. Tuseme sigara ni shilingi 200 na mtu anavuta kumi kwa siku. Hizo ni 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi, 730,000 kwa mwaka. Mwambie akupe shilingi 60,000 kwa mkupuo kila mwisho wa mwezi uone atakavyokuruka; huko uswahilini ni kodi ya chumba. Lakini hajawahi kuiona elfu sitini hiyo ikitoka. Ametoa mia mbili.

Kenya waliliona hili. Sheria yao ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza pakiti yenye sigara chini ya kumi. Sasa shuka River Road, Nairobi, ukaombe sigara moja uone kama utanyimwa. Kwetu Tanzania sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18, na mmachinga wa kituoni haulizi kitambulisho. Simlaumu sana, naye anatafuta ugali, na sheria bila mtu wa kuisimamia ni karatasi tu. Tukumbuke pia kwamba tunaongea katika nchi ambayo Tabora, Urambo na Kaliua zinaishi kwa tumbaku, na kiwanda cha sigara cha Chang'ombe kilianza mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wenyewe. Serikali haina haraka na jambo hili. Mvutaji anayetaka kuacha asingoje haraka yake.

Nini basi kinaufunga mlango? Cha kwanza ni kuzijua siku. Anayeacha ghafla hupata shida kubwa kabisa siku ya pili na ya tatu: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoisha, tumbo kufunga, akili kushindwa kukaa mahali. Baada ya hapo shida hupungua, na kwa wengi, ndani ya wiki mbili hadi nne imebaki kumbukumbu. Wengi wanaojaribu bila msaada wowote hurudi ndani ya siku nane za mwanzo. Hapo ndipo vita ilipo. Mtu anayejua kwamba siku ya tatu ndiyo kilele hawezi kuichagua iangukie Jumamosi ya harusi ya binamu yake.

Waadventista Wasabato walilielewa hili zamani. Daktari J. Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg walibuni Mpango wa Siku Tano wa kuacha sigara, ukaenea duniani katika miaka ya 1960. Watu walikutana jioni tano mfululizo, wakanywa maji kwa wingi, wakapeana mtu wa kumpigia simu pale kiu inapopanda. Siku tano hazitoshi kumponya mtu, lakini zinamvusha ile ya tatu, na zinamvusha akiwa na wenzake. Turudi kwa aliyefunga: mchana wa Ramadhani hakuna anayemwambia shika. Kijiwe chote kimefunga. Nadhani nusu ya nguvu yake iko hapo.

Siku za kawaida kijiwe hakifungi. Jioni moja nilimtazama jirani yangu, dereva wa lori, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuacha. Tumekaa kwenye benchi la muuza kahawa, kashata iko mezani, na mwenzake akamsogezea sigara iliyokwisha kuwaka.

"Shika, kaka, piga pafu moja. Kahawa kavu utainyweaje?"

"Leo sivuti."

"Pafu moja litakuua?"

Hakujibu. Akasimama, akalipa vikombe viwili, akaenda kununua mihogo ya kukaanga ng'ambo ya barabara, akarudi baada ya kama dakika tano, sigara ya mwenzake imekwisha na maneno yamehamia kwenye Simba na Yanga. Sikuona ushujaa wowote pale, niliona ufundi. Kiu kali ya sigara, ukiiacha bila kuibishia, kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Mihogo ilichukua dakika hizo. Yule aliyebaki benchini akijibizana na mwenzake kuhusu faida za kuacha ndiye ambaye angemaliza kwa kusema haya, lete.

Kwa miezi ya mwanzo nashauri hata kahawa yenyewe ibadilishiwe mahali. Bia ndiyo kabisa. Kwa wavutaji wengi sigara imefungamana na kitu kingine, chai ya asubuhi, choo, simu ya mke wa kwanza, foleni ya Ubungo, na ukiondoa sigara ukakiacha kile kingine palepale, unakuwa umeacha kiti wazi cha kuikaribisha. Wake na waume nao wana kazi hapa, ila si ile wanayoipenda. Kumhubiria mvutaji kila akiingia ndani na harufu hakujafunga mlango wowote. Kunamfundisha kuvutia nje na kutafuna karafuu. Akikuambia ameacha, mwondolee vibiriti na vile visahani vya majivu, mpikie, na umvumilie wiki mbili za kisirani. Atanenepa kidogo pia. Wastani wa anayeacha ni kuongezeka kilo nne hadi tano kwa mwaka wa kwanza. Tusimfiche, maana akija kuligundua kwenye mkanda wa suruali atalifanya kisingizio.

Kuna mlango mwingine ambao sisi tuna vifaa vyote vya kuufunga na hatuvitumii: pesa iliyofungwa. Kwenye kisiwa cha Mindanao, Ufilipino, watafiti Xavier Giné, Dean Karlan na Jonathan Zinman walishirikiana na benki ya huko kuwafungulia wavutaji akaunti ya pekee. Mtu anaweka pesa kwa miezi sita, kwa kawaida zile ambazo angenunulia sigara. Mwisho wa miezi sita anapimwa mkojo. Hana nikotini, anachukua pesa zake zote. Anayo, pesa zote zinakwenda kwa wenye shida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliokubali kujifunga hivyo walikuwa wachache, kama mmoja kati ya kumi waliopewa nafasi. Hata hivyo, kundi lililopewa nafasi liliacha kuliko lile ambalo halikupewa, kwa tofauti ya kama asilimia tatu za watu wote, na walipopimwa tena kwa kushtukizwa baada ya mwaka, tofauti ilikuwa bado ipo.

Asilimia tatu si muujiza. Lakini tazama tulivyojaliwa sisi: tuna vibubu, tuna mchezo wa wiki na kijumbe wake, tuna VICOBA kila mtaa. Kikundi cha watu kumi kikiamua kwamba mwanachama fulani ataweka elfu sitini yake ya kila mwezi, na akionekana anavuta inaingia mfuko wa jamii, hakuna haja ya kipimo cha mkojo. Mtaa mzima ni kipimo. Mama mkwe akishika ufunguo wa kibubu, hiyo ni zaidi ya benki.

Kuhusu dawa, hapa nina hasira kidogo. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni waliokuwa wanatumia heroini. Mgonjwa anafika kila siku, anakunywa dozi mbele ya mhudumu, anarudi nyumbani. Hakuna aliyesimama pale kuwaambia waamue tu. Tulikubali, kama taifa, kwamba uraibu ni ugonjwa na unatibiwa. Zanzibar nako nyumba za soba zimewainua vijana wengi. Sigara tumeiacha kwenye mahubiri, ilhali mwaka 1988 mganga mkuu wa serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alikwisha kutangaza kwamba nikotini humfunga mtu kwa namna ile ile ya heroini na kokeini. Shirika la Afya Duniani liliingiza bandiko na bazoka za nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropioni na vareniklini. Mwaka 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwatibu watu wazima wanaoacha tumbaku: ushauri na dawa kwa pamoja. Bandiko la nikotini peke yake huongeza uwezekano wa kufanikiwa kwa kiasi cha nusu tena. Niliwahi kuliulizia kwenye duka la dawa la mtaani kwetu, nikapewa plasta ya maumivu ya mgongo.

Kituo cha afya ambacho kina dawa za shinikizo la damu kikose bandiko la kumtoa mtu kwenye moja ya vyanzo vikubwa vya ugonjwa wa moyo na kiharusi, huo ni mpangilio wa ajabu. Wizara za afya za Dodoma na Nairobi zinaweza kulirekebisha bila kungoja bunge.

Na atakayeteleza? Watakuwa wengi. Watafiti wa Toronto, Kanada, waliowafuatilia wavutaji kwa miaka, walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa wengi inaweza kuchukua majaribio 30 au zaidi. Nikisoma namba hiyo sioni sababu ya kukata tamaa. Naona sababu ya kuacha kulifanya kila jaribio kuwa arusi. Usitangaze, usichome pakiti mbele ya watu, usiape kwa msahafu. Ukiteleza Jumatano, swali la maana ni moja: mlango gani ulikuwa wazi? Ilikuwa ni yule kijana wa sarafu? Basi kesho panda gari kituo cha pili. Ilikuwa ni bia? Basi mwezi huu soda. Aliyeteleza mara moja akarekebisha mlango mmoja ameendelea mbele. Aliyeteleza akakaa kujilaumu atavuta ya pili ili kupoza lawama.

Wapo wazee kwenye vijiwe vyetu watakaosoma mpaka hapa na kusema haya ni ya vijana. Wao wamezeeka nayo, watakufa nayo. Wao nawaachia hesabu ya Richard Doll. Doll alikuwa mvutaji. Yeye na Austin Bradford Hill walipochapisha mwaka 1950 kwamba sigara inahusiana na saratani ya mapafu, alikuwa amekwisha kuacha kwa sababu ya matokeo yake mwenyewe. Mwaka uliofuata walianza kuwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 wa Uingereza, na kazi hiyo iliendelea miaka 50. Wavutaji walikufa wakiwa wamepoteza, kwa wastani, kama miaka 10 ya maisha. Walioacha wakiwa na miaka 30 waliirudisha karibu yote. Walioacha wakiwa na 40 walirudisha kama 9, wenye 50 wakarudisha kama 6. Walioacha wakiwa na miaka 60 walirudisha kama 3.